PAHALA PA KUFUNGA ANTENA YA SETILAITI KATIKA CHOMBO
(Mazungumzo kwa manahodha, wamiliki wa vyombo na mafundi)



Mashine ya kuonyesha njia kwa setilaiti, ijulikanayo kwa jina la GPS, imo katika majahazi, boti za fiba na meli za abiria. Hata hivyo, pahala pa kufunga antena yake mara nyingi huamuliwa kwa haraka, chombo kikiwa gatini. Inafaa ieleweke kwamba mashine nzuri yenye antena iliyofungwa pabaya huendelea kuonyesha namba, lakini namba hizo si za kutegemewa.

Setilaiti hizo huzunguka dunia kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake hufika chini yakiwa dhaifu mno. Hayapenyi bati wala chuma, na hata mwili wa mtu huyazuia. Mashine huhitaji kupokea setilaiti zisizopungua nne kwa pamoja, zilizotawanyika pande mbalimbali za mbingu. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) wa mwaka 2003, unaohusu mitambo ya utambulisho wa meli, unataka antena ya setilaiti ione anga pande zote, kuanzia digrii 5 juu ya upeo wa macho hadi utosini. Unataka pia ikae angalau mita 3 kutoka kwenye rada yenye nguvu kubwa, na nje ya njia ya miale yake.

Wako wanaodhani kwamba antena ikipanda juu zaidi ndiyo bora. Dhana hiyo ni sahihi kwa redio ya VHF, ambayo hutafuta chombo cha mbali kwenye upeo wa macho. GPS hutafuta mbingu, na mbingu iliyo wazi huonekana hata kutoka chini. Chombo kinapokwenda mrama digrii 20 kila upande, antena iliyo mita 10 juu husukwasukwa karibu mita 7, na mashine huhesabu mwendo huo kuwa ni mwendo wa chombo. Kabla ya Mei 2000, Marekani ilipokuwa ikipunguza makusudi usahihi kwa watumiaji wa kiraia, kosa kama hilo lilimezwa na kosa kubwa la kiasi cha mita 100. Leo linaonekana.

Baina ya Unguja na Pemba anga ni wazi, na ni rahisi kusahau thamani yake. Mfano ulio bayana uko bara. Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, yenye kata za milimani kama Lugarawa, huteremka hadi Ziwa Nyasa. Huko Milima ya Livingstone imesimama zaidi ya mita 1,000 juu ya maji. Chombo kinachoambaa na ufukwe kwenda Lupingu hukosa sehemu ya mbingu ya mashariki kabla fundi hajafunga kitu chochote. Kibanda cha bati kikiziba na magharibi, hubaki ukanda mwembamba wa anga, na kosa hukua. Mlima hauondoki; kizuizi cha fundi ndicho kinachoweza kuepukwa.

Kwa hivyo, katika jahazi, antena ifungwe kwenye shetri, juu ya kigingi kifupi kinachopita kimo cha mtu aliyesimama, mbali na njia ya foromali na kamba za tanga. Katika boti ya fiba, ikae juu ya paa la kibanda, mita moja au zaidi kutoka antena ya VHF. Isiwekwe pahala ambapo abiria watapashika kama mhimili. Waya usiungwe ovyo, na kiungo chake kizibwe barabara dhidi ya maji ya chumvi.

Kabla ya kutoboa tundu, antena ifungwe kwa kamba, chombo kiende baharini, rada iwashwe, redio izungumzwe, tanga ligeuzwe pande zote mbili, huku ukurasa wa setilaiti ukitazamwa. Ikiwa setilaiti zinapotea, pahala pabadilishwe.

Ndugu Wananchi,

Meli ya Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, na Skagit tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe. Misiba hiyo haikuletwa na antena, lakini ilidhihirisha kwamba aliyemo majini huhesabiwa dakika. Redio za kisasa zilizounganishwa na GPS hupeleka pahala pa chombo pamoja na wito wa dharura mara kitufe kinapobonyezwa. Waokoaji huelekea pale walipoambiwa. Antena ikikosea, nao watakosea.

Kila nahodha anaombwa, kabla ya safari ijayo, apande juu ya kibanda chake na aangalie antena yake imekaa wapi.