Cheti cha Nyumba ya Kupanga: Nani Alipe Umeme Unaopotea?



Askari hapokei lindo pasipo makabidhiano. Anayeondoka humkabidhi anayeingia. Silaha huhesabiwa, kasoro hutajwa, daftari hutiwa saini. Lakini askari huyohuyo, atafutapo chumba cha kupanga huko Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura, hupokea ufunguo bila makabidhiano yoyote. Huonyeshwa ukuta uliopakwa rangi upya, hutajiwa kodi, hulipa na kuhamia. Ukali wa joto na gharama ya umeme huvijua baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kumtoka mkononi. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Chanzo cha tatizo hili ni chepesi kueleza. Mwenye nyumba ndiye achaguaye bati, dari, madirisha na nyaya. Mpangaji ndiye alipaye umeme. Asiyelipa hana haraka ya kurekebisha, na alipaye hana mamlaka ya kurekebisha nyumba isiyo yake. Kati ya watu hao wawili, umeme hupotea kila usiku, na hakuna aulizwaye.

Nchi nyingine zimejaribu kuliziba pengo hilo kwa sheria. Huko Uingereza, tangu Oktoba 2008, mwenye nyumba anayepangisha hutakiwa kuwa na cheti kinachoonyesha matumizi ya nishati ya nyumba yake. Cheti hicho hudumu miaka 10, na nyumba hupewa daraja kuanzia A, lililo bora, hadi G, lililo duni. Mwanzoni kilikuwa cha kumjulisha mpangaji tu. Kisha, tangu Aprili 2018 kwa mikataba mipya, na tangu Aprili 2020 kwa mikataba yote, England na Wales zilipiga marufuku kupangisha nyumba iliyo chini ya daraja la E, isipokuwa zile zilizosamehewa. Ufaransa nayo, tangu Januari 2025, imezuia mikataba mipya kwa nyumba za daraja la G. Karibu zaidi na Burundi, Kenya mwaka 2012 ilitoa kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapashe sehemu kubwa ya maji hayo kwa nguvu ya jua.

Si busara kukinakili cheti cha London na kukileta Bujumbura. Kule adui ni baridi, na cheti hupima joto linalotoroka nje. Kinanira adui ni joto linaloingia ndani. Bati lisilo na dari chini yake huwaka mchana kutwa, na chumba hubaki tanuri hata jua litakapokuwa limetua. Askari aliyetoka zamu ya usiku, anayetakiwa kulala mchana, hulala humo. Feni huzunguka saa nyingi, na salio la Cash Power huyeyuka. Hali dari ya kawaida, bati lenye rangi nyeupe, na madirisha mawili yanayotazamana ili upepo wa ziwa Tanganyika upite, vingemaliza sehemu kubwa ya taabu hiyo pasipo kutumia hata wati moja.

Liko pia jambo la mita. Katika viwanja vingi nyumba kubwa iko mbele na vyumba vya kupanga viko nyuma, vyote vikitegemea mita moja. Huyu ana pasi na jiko la umeme. Yule ana taa moja na simu ya kuchaji. Lakini huchangishwa sawa. Manung'uniko huwa ugomvi, ugomvi hufika kwa nyumbakumi, na mwishowe polisi huitwa kuamua shauri ambalo mita ndogo kwa kila mlango ingelimaliza kabla halijazaliwa.

Wala hili si jambo la mfuko wa mtu mmoja tu. Umeme wa Burundi ni haba. Bwawa la Rwegura, lililoanza kazi mwaka 1986, lina uwezo wa megawati 18. Kituo cha nguvu ya jua cha Mubuga, kilichofunguliwa mwaka 2021, kina megawati 7.5. Basi na ipigwe hesabu. Balbu ya zamani yenye uzi hula wati 60. Taa ya LED yenye mwanga kama huo hula wati 9 hivi. Nyumba 10,000 zikibadilisha balbu 3 kila moja, jioni zitakapowashwa pamoja, taifa litaokoa zaidi ya megawati 1.5, yaani kama sehemu moja ya kumi na mbili ya uwezo wa Rwegura. Umeme huo hauhitaji bwawa jipya wala dizeli ya kuagizwa kwa fedha za kigeni.

Wenye nyumba nao wana neno, na ni haki wasikilizwe. Matengenezo ni gharama, na sheria kali yaweza kupandisha kodi hata mnyonge akakosa pa kulala. Uingereza yenyewe, katika kanuni zilizoanza Aprili 2019, ilimwekea mwenye nyumba kikomo cha pauni 3,500. Tena wenye nyumba si watu wa mbali: wamo askari waliojenga kwa akiba ya kazi ya kulinda amani Somalia, na leo wanapangisha wenzao.

Kwa hiyo mwanzo ufaao si adhabu, bali ukweli. Karatasi moja yatosha, ikieleza mambo manne: mita ni ya nani, paa lina dari au halina, nyaya zimekaguliwa lini na fundi, na umeme wa miezi mitatu iliyopita uligharimu kiasi gani. Pande zote mbili zitie saini kabla ya kodi ya kwanza kulipwa. Mwenye nyumba njema atapata mpangaji upesi. Mwenye nyumba mbovu ataona aibu, au atapunguza kodi, au atanunua dari.

Kupangishana nyumba gizani ni kuuziana mbuzi ndani ya gunia. Askari aliyezoea kukagua lindo kabla ya kulipokea anayo haki ya kukagua na nyumba atakamolaza watoto wake. Na askari mwenye nyumba anao wajibu wa kumkabidhi mwenzake bila kumficha kasoro.