Muda wa Kudurusu Uko Wapi?

Sera mpya ya elimu ya Tanzania ilizinduliwa Dodoma mwaka 2025. Mmeisikia, mmeisoma magazetini, mmeijadili vijiweni na ndani ya daladala. Elimu ya lazima miaka 10, shule ya msingi miaka 6 badala ya 7, mkondo wa amali, Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hatuna haja ya kurudia taarifa ya habari. Leo tunaizungumzia hofu moja tu, ambayo wazazi wengi wamekuwa wakiitaja tangu mitaala mipya ianze kutumika Januari 2024.

Wanasema hivi: mtoto akiongezewa haya mapya, yale aliyokwisha kuyajua yatamtoka. Kiingereza kikiingia mapema, Kiswahili kitapotea. Amali ikiingia, hesabu itasahaulika. Kana kwamba kichwa cha mtoto ni debe, ukimimina cha leo, cha jana kinamwagika.

Kituo hiki hakimbezi mzazi mwenye hofu hiyo, maana haikutoka hewani. Wataalamu wameichunguza kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1900 Wajerumani wawili, Georg Elias Müller na Alfons Pilzecker, waliwakaririsha watu orodha za silabi zisizo na maana. Waliopewa orodha nyingine papo hapo waliisahau zaidi ile ya kwanza. Walioachwa wapumzike kidogo waliibakiza zaidi. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, John Jenkins na Karl Dallenbach waliona kwamba mwanafunzi anayelala baada ya kukariri anakumbuka zaidi kuliko anayeingia katika hekaheka za mchana. Na mwaka 1977 Alan Baddeley na Graham Hitch waliwataka wachezaji wa raga wa Uingereza wataje timu walizocheza nazo msimu ule. Wingi wa siku zilizopita haukuwasahaulisha sana. Kilichowasahaulisha ni wingi wa mechi zilizoingia katikati.

Kwa hiyo ni kweli, jipya linaweza kulifunika la zamani. Lakini angalieni ni jipya la namna gani. Ni silabi juu ya silabi. Ni mechi juu ya mechi. Ni mambo yanayofanana, yaliyobananishwa, yasiyopewa pumziko, wala hakuna aliyerudi kuyauliza.

Basi hiyo, ndugu zangu, ndiyo ratiba ya shule zetu. Mada juu ya mada. Kipindi kinaisha, kengele inalia, mada nyingine inaanza. Mwalimu anakimbizana na azimio la kazi, mwalimu mkuu anataka kujua silabasi imefika wapi, mthibiti ubora akija naye anauliza silabasi imefika wapi. Tumelisema hapa mara nyingi na leo tunalisema tena: ugonjwa wa shule zetu ni kumaliza silabasi. Kila mtu anauliza tumefika wapi. Nani anauliza tulichokipita kimebaki? Muda wa kudurusu uko wapi?

Turudi kwenye lugha, maana hapo ndipo hofu ilipo kubwa. Wako watoto waliozaliwa Korea wakaasiliwa na familia za Uholanzi wakiwa wadogo, wengine hata kuzungumza hawajaanza. Walikulia ndani ya Kiholanzi, Kikorea kikawatoka kabisa mdomoni. Mwaka 2017 watafiti Jiyoun Choi, Mirjam Broersma na Anne Cutler walichapisha matokeo ya kuwafundisha upya sauti za Kikorea, wakiwa sasa watu wazima. Walizishika vizuri kuliko Waholanzi wenzao ambao hawakuwahi kuisikia lugha hiyo utotoni. Walikuwa wameishi na lugha nyingine miaka mingi, wala hawakudhani kwamba wamebakiwa na chochote. Kumbe kilikuwapo, kikingoja wa kukiamsha.

Na watoto hao waliondolewa katika lugha yao moja kwa moja. Mtoto wa Tandahimba au wa Kasulu anayeanza Kiingereza darasa la kwanza hajaondolewa popote. Jioni anarudi nyumbani kwao, na nyumbani kwao wanazungumza. Kiingereza hakiwezi kumnyang'anya lugha yake. Anayeweza kumnyang'anya ni mtu mzima anayemkataza kuizungumza. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kuzungumza Kiswahili uwanjani, na mzazi anayeona fahari mwanawe kutomjibu bibi yake kwa lugha ya bibi, hao ndio wa kuhofiwa. Msiisingizie sera.

Tena mfano wa kuhifadhi tunao hapa hapa, hatuhitaji kuutafuta ng'ambo. Mtoto wa madrasa anayehifadhi Qur'ani anaongeza aya mpya leo, kesho anaongeza nyingine, mpaka zinatimia juzuu 30. Anaongeza miaka mizima! Mbona za mwanzo hazimtoki? Kwa sababu mwalimu wake hamwachii aende mbele bila kurudi nyuma. Anasomeshwa mpya, kisha anasomeshwa ya jana, kisha ya wiki iliyopita. Aliyehifadhi juzuu zote akaacha kuzirejea, zinamponyoka, hata kama hakujifunza neno jingine jipya. Hili kila mwalimu wa madrasa, kutoka Tanga mpaka Kilwa, analijua.

Marekani wamelipima jambo hilo kwa takwimu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma tena na tena. Kundi jingine liliisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha likaiandika kwa kukumbuka tu, bila kuitazama, mara tatu. Baada ya wiki moja, walioisoma tu walikumbuka kama asilimia 40. Waliojilazimisha kukumbuka walifika asilimia 61. Kukumbuka kwenyewe ndiko kunakokifunga kitu kichwani.

Atatokea wa kutuambia: mbona mitihani tunayo, tena mingi? Tunayo. Lakini mtihani wetu unakuja mwisho, kwa vitisho, baada ya kambi za masomo na twisheni za usiku, na ukiisha madaftari yanafungiwa maandazi. Mtoto amekesha akikariri, hakulala, amemwaga kwenye karatasi, basi. Huo si udurusu. Tunataka maswali madogo yasiyo na alama wala fimbo, ya kila siku, juu ya jambo la mwezi uliopita. Na hilo halitawezekana kama kila dakika ya kipindi imekwisha kupewa mada mpya. Silabasi! Silabasi! Muda wa kudurusu uko wapi?

Kwa hiyo tunawaambia watu wa wizara, na tunawaambia kwa heshima: masomo mapya mmeleta, hatuyapingi. Lakini vipindi vya kurudia viandikwe ndani ya azimio la kazi, vihesabiwe kuwa ni kazi halali, na mwalimu anayerudi nyuma asionekane mzembe. Wathibiti ubora, mkiingia darasani msiulize mada ya leo peke yake, ulizeni ya Februari. Walimu wetu, tunajua madarasa yamejaa na chaki haitoshi, lakini dakika kumi za mwanzo wa kipindi wapeni watoto wakumbuke, madaftari yakiwa yamefungwa.

Na wewe mzazi unayetusikiliza ukiwa jikoni au dukani, acha kuogopa kwamba mwanao atajifunza mengi mno. Usiku huu mwite. Usimwulize leo mmefundishwa nini. Mwulize mwezi uliopita mlifundishwa nini, kisha nyamaza, mwache atafute mwenyewe. Akikwama usimkemee, mkumbushe, na wiki ijayo mwulize tena. Halafu mwache alale mapema.