Kaswende na Macho Yetu

Hotuba iliyosomwa Chara mbele ya wafanyakazi wa reli walio likizoni na jamaa zao



Sisi tumetoka Mombasa kwa basi mpaka Garsen, na kutoka Garsen tumefika hapa nyumbani. Chama kimetutuma tuseme habari ya ugonjwa ambao watu huuficha. Jina lake ni kaswende, na wazee wengine huuita sekeneko. Tusameheni wazee kwa kuutaja mbele yenu. Lakini aibu haijamponya mtu, na leo twataka kusema jinsi ugonjwa huu uwezavyo kuharibu macho.

Katika kazi ya reli, macho ndiyo kazi yenyewe. Taa nyekundu ni simama, kijani ni pita. Dereva akikosea rangi, hafi peke yake.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, kijana wa bonde hili hili. Jina lake hatulitaji. Siku moja alituambia kwamba taa nyekundu imepauka machoni pake, imekuwa kama tofali la zamani. Sisi tukacheka. Tukasema ni usingizi wa zamu ya usiku. Baadaye akawa anajigonga milangoni upande wa kushoto, kwa kuwa upande huo haoni vema. Ukimtazama, macho yake yalikuwa safi, hayana ukungu wala hayatoki machozi. Kwa sababu hiyo watu walisema amerogwa. Akazunguka kwa waganga miezi minne. Alipofika kwa daktari akapimwa damu, ikaonekana ana kaswende. Ndipo akakumbuka kidonda kimoja cha miaka ya nyuma. Hakikuuma, kikapona chenyewe, naye akadhani mambo yamekwisha.

Ndugu, hapo ndipo tunapodanganyika. Sisi watu wa mto Tana twamjua mamba. Akizama, maji hutulia, lakini hakuna mama atakayemwacha mtoto aoge pale eti kwa kuwa maji yametulia. Kaswende ni hivyo hivyo. Kidonda cha kwanza hupona bila dawa baada ya majuma machache. Huenda vikafuata vipele, hata katika viganja na nyayo, navyo hupotea. Lakini vijidudu vimebaki mwilini. Vijidudu hivyo viligunduliwa mwaka 1905 na wataalamu wawili wa Ujerumani, Schaudinn na Hoffmann. Umbo lake ni kama uzi uliosokotwa, navyo huenda na damu mpaka kwenye ubongo na macho. Macho yaweza kushikwa mapema, au baada ya miaka mingi.

Nyuma ya kila jicho kuna mshipa wa fahamu upelekao habari za kuona mpaka kwenye ubongo. Tuufananishe na waya wa simu ya stesheni. Simu yaweza kuwa nzima kabisa, lakini waya ukiliwa na kutu, habari haifiki. Kaswende ikiuingia mshipa huo, rangi hupauka, kuona hufifia, au upande mmoja huwa giza, na mara nyingi bila maumivu. Wengine ugonjwa huwashika ndani ya jicho lenyewe. Hao jicho huwa jekundu, mwanga huwaumiza, na huona madoa yakielea.

Msiuchanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu, na daktari akipasua, kuona hurudi. Lakini mshipa wa fahamu ukiisha kufa, hakuna dawa wala upasuaji wa kuufufua. Kwa hiyo hapana budi kuwahi.

Dawa ipo, nayo ni penisilini. Ilianza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1943. Mtu akiwahi mwanzoni, kwa kawaida sindano moja ya penisilini ya kukaa mwilini yatosha. Lakini macho yakiisha kuguswa, sindano moja haitoshi. Mgonjwa hulazwa hospitali, akatiwa penisilini katika mshipa wa damu kwa siku 10 mpaka 14. Basi ukienda kupimwa, usiseme habari ya kidonda tu ukanyamaza habari ya macho. Sema yote.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa watu wa reli peke yao, au wa pwani. Hospitali ya Mulago kule Kampala ilianza mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa ya zinaa, na leo ni hospitali kubwa ya taifa la Uganda. Pia hauambukizwi kwa sahani moja wala kwa kuoga mtoni. Huambukizwa kwa kulala na mtu aliye nao, na mama mjamzito aweza kumpa mtoto aliye tumboni. Mtoto huyo naye aweza kuharibika macho baadaye.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu apimwe damu. Ni kuchomwa kidole tu, na jibu hupatikana siku ile ile. Pili, mume akionekana nao, aende na mkewe watibiwe wote wawili, bila kutafuta nani alianza. Na akina mama wajawazito wasikose kliniki. Anayetoka nje ya nyumba yake atumie mpira. Tatu, twakiomba chama kisimamie kwamba mfanyakazi anayetibiwa macho apewe kazi nyingine kwa muda, wala asifukuzwe. Mtu akiogopa kufukuzwa ataficha macho yake, naye ataendelea kuendesha treni.

Mwenzetu alitibiwa. Jicho la kulia limesalimika. La kushoto halikurudi, na sasa yuko stoo, hatazami taa tena. Daktari alimwambia kwamba kama angalikwenda siku ile rangi ilipoanza kupauka, huenda angaliyaokoa yote mawili. Siku ile alituambia sisi, nasi tukacheka. Ndiyo sababu tumesimama hapa leo.