Madoa ya Maji Kwenye Boti

Madoa meupe yanayobaki ubavuni mwa boti maji yanapokauka ni chumvi za madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi, tena yana alikali, pH karibu 9. Ndiyo maana boti inayoachwa juani Kigoma bila kusuuzwa hupauka upesi.

Sabuni pekee haitoi madoa haya. Dawa yake ni asidi hafifu: siki iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa, au maji ya ndimu. Kitambaa laini kilicholoweshwa hubandikwa juu ya doa dakika chache, kivulini, kisha hupanguswa taratibu na boti husuuzwa kwa maji mengi. Siki ikiachwa hula alumini na misumari ya mabati. Mchanga na stiliwaya, vinavyopendwa mno, hukwaruza rangi, na mikwaruzo hunasa madoa mapya.

Kinga ni nta, na hapo wenye boti wa Kigoma wana bahati, kwa kuwa nta ya nyuki wa miombo ni zao la kale la Tabora jirani. Huyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, huepuliwa, ndipo huongezwa tapentaini mbali na moto. Hupakwa nyembamba na kung'arishwa. Ni laini, hivyo hurudiwa mara kwa mara.

Chuma huhitaji grisi. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyosafirishwa vipande vipande kwa reli ya kati inayopita Tabora, ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916 injini zikiwa zimepakwa grisi. Iliibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini.