Uwanja wa Raga: Tushirikiane, Lakini kwa Maandishi

*UJUMBE WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

Hii ni hotuba ya katibu wa tawi katika mkutano wa Jumapili. Inatumwa jinsi ilivyosomwa, kwa kuwa wengi walizuiwa na mvua. Tafadhali isome yote kabla ya kujibu. Kura itapigwa Jumapili ijayo, saa nane mchana.



Leo nina jambo moja tu, nalo ni uwanja wa raga.

Lililotufikisha hapa mnalijua. Timu yetu ya mpira imepanda daraja, lakini uwanja wa shule inaochezea hauna ua wala jukwaa, na ulipokaguliwa ukakataliwa. Msimu mzima mechi za "nyumbani" tumezichezea mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa matatu. Nauli imewashinda vijana wengi. Akina mama waliokuwa wakiuza chai na njugu siku ya mechi wamepoteza soko. Na hapa hapa wadini kuna uwanja wenye ua, jukwaa dogo na vyumba vya kubadilishia nguo, ambao Jumapili nyingi umelala kimya.

Vijana wameleta ombi kwamba tawi liunge mkono mambo mawili: timu ipate nafasi katika uwanja huo, na kaunti isaidie kuupanua. Kuna walioongeza la tatu, kwamba tutangaze sasa, kabla ya kampeni, kuwa chama kitaipa timu uwanja ule.

Mimi ni mtu wa mpira tangu utotoni. Raga nimeijua ukubwani. Kwa hiyo nikipunguza mwendo mahali fulani, msidhani ninaikataa timu yetu.

*Je, michezo hii miwili inaenea uwanja mmoja?*

Inaenea. Uwanja wa soka unaopendekezwa ni mita 105 kwa 68. Wa raga una upana wa mita 68 hadi 70, na urefu usiozidi mita 100 kati ya mistari ya goli, kisha kuna eneo la kufungia trai nyuma ya kila mstari. Ukijumlisha, urefu unatosha na kubaki. Milingoti ya raga inaweza kusimikwa kwenye mashimo maalumu, ikang'olewa siku ya mpira na kurudishwa baadaye.

Shida iko kwenye nyasi. Skramu moja ni watu 16 wanasukumana mahali pamoja, na kama mvua imenyesha ardhi inachimbuka. Raga ikichezwa Jumamosi na mpira Jumapili, kila wiki, bila mtu wa kutunza nyasi na bila wiki za kupumzisha uwanja, baada ya miezi michache timu zote mbili zitakuwa zinacheza kwenye tope. Mitaro ya maji, mbegu na mshahara wa mtunzaji ni gharama. Lazima ijulikane mapema nani analipa.

*Wengine walifanyaje?*

Nitataja miji miwili ya Uingereza, kwa sababu swali letu ndilo lililokuwa swali lao.

Wa kwanza ni Bristol. Klabu ya soka ya Bristol Rovers ilikaa miaka kumi, kutoka 1986 hadi 1996, ikichezea mechi zake za nyumbani katika mji jirani wa Bath. Mwaka 1996 ikarudi Bristol, ikakaribishwa katika uwanja wa klabu ya raga ya mji huo. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1921 kwa kumbukumbu ya wachezaji wa raga waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Rovers walinunua nusu kwa pauni milioni 2.3. Katika mkataba kulikuwa na kifungu kwamba klabu moja ikianguka kifedha, nyingine inaweza kununua nusu iliyobaki kwa bei ndogo sana. Miaka miwili baadaye klabu ya raga ilianguka, na Rovers wakachukua nusu ya pili kwa pauni 10,000. Wenye uwanja wakawa wapangaji katika uwanja wa mashujaa wao, hadi walipohama mwaka 2014.

Hakuna aliyeiba hapo. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa na kutiwa saini. Ila jiulizeni, wanachama wa ile klabu ya raga walioshangilia siku ya kukaribisha wageni, wangapi walikuwa wamekisoma kifungu kile?

Mji wa pili ni Huddersfield. Huko klabu ya soka, klabu ya raga ya wachezaji 13 na baraza la mji waliunda kampuni moja ya uwanja, hisa asilimia 40 za klabu ya soka, 40 za baraza na 20 za raga. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1994 ukiwa na majukwaa mawili tu. La tatu likafuata kabla ya mwaka kwisha, na la nne likakamilika mwaka 1998. Hawakungoja kupata fedha zote ndipo waanze kucheza, wala hawakujenga yote kwa mkupuo.

Na hapa Kenya tumeona upande wa pili. Safari Sevens ilianza mwaka 1996 katika uwanja wa RFUEA pale Barabara ya Ngong. Watazamaji walipozidi, mashindano hayo yakapelekwa Nyayo, uwanja ambao wengi wetu tunaujua kwa mpira. Kwa hiyo mtu asituambie raga na soka haziwezi kupokeana.

*Uwanja huu ni wa nani?*

Hapa ndipo naomba utulivu. Uwanja ule si wa kaunti, na si wa chama. Ardhi imekodishwa kwa klabu ya raga, na klabu ina wanachama wake na mkutano wake mkuu. Hatuwezi kuahidi kitu kisicho chetu. Tukisimama jukwaani tukasema "tutawapa uwanja", tutapata makofi siku hiyo, kisha klabu itafunga lango, na timu yetu itaendelea kupanda matatu ya saa mbili.

Nimesikia pia watu wakisema raga ni mchezo wa matajiri, wacha wanyang'anywe. Naomba maneno hayo yaishie leo. Nusu ya vijana wanaovaa jezi ya klabu ile wametoka mitaa hii hii, na wazazi wao wamo katika kundi hili la simu. Klabu hiyo imekuwa ikiwafungulia watoto wa shule uwanja bila malipo Jumamosi asubuhi. Hofu ya viongozi wake ni ile ya Bristol, kwamba mgeni atakuwa mkubwa kuliko mwenyeji. Ni hofu ya haki, na dawa yake ni mkataba.

Kaunti nayo ina nafasi yake. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya vifaa vya michezo na ya mipango ya ujenzi. Lakini shilingi ya umma ikiingia katika ardhi inayoshikiliwa na klabu ya watu binafsi, lazima umma upate haki ya kuitumia, na haki hiyo iandikwe. La sivyo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atauliza, na atauliza kwa haki. Majirani pia wasikilizwe: magari yataegeshwa wapi, maji ya vyoo yataelekea wapi, mataa yatazimwa saa ngapi. Ushiriki wa wananchi uko katika Kifungu cha 10 cha Katiba, nasi tumekuwa wa kwanza kulalamika wengine wanapouruka.

*Pendekezo langu*

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Timu yetu iingie na jembe lake mkononi tangu siku ya kwanza.

1. Tawi liziombe klabu mbili zikae pamoja, na mpatanishi asiyetoka chama chochote.

2. Uanze msimu mmoja wa majaribio, bila ujenzi. Raga Jumamosi, mpira Jumapili, na wiki za kupumzisha nyasi zipangwe mapema. Mazoezi ya mpira yabaki uwanja wa shule.

3. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, usomwe mbele ya wanachama wa klabu zote mbili. Useme kodi ni kiasi gani, pesa za langoni zinagawanywaje, nani anatunza nyasi, na itakuwaje klabu moja ikishindwa kuendelea. Umiliki wa klabu ya raga usiguswe.

4. Msimu ukienda vizuri, upanuzi uende kwa hatua: kwanza mitaro, vyoo na ua, halafu jukwaa. Fedha za kaunti ziambatane na siku za shule na za timu ya wasichana.

5. Chama kisitoe ahadi yoyote ya uwanja huu katika kampeni mpaka mkataba uwe umesainiwa.

Najua la tano litawauma baadhi yenu. Kura tunazitafuta, na mashabiki ni wengi. Lakini shabiki aliyedanganywa mara moja kuhusu timu yake hasahau, na huenda na ukoo wake wote.

Jumapili ijayo tutapiga kura kwa pendekezo moja moja. Mwenye marekebisho ayatume kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni. Na tafadhali, ujumbe huu ukisambazwa, usambazwe mzima. Msikate kipande kimoja mkakipeleka kwa watu wa raga kuwachokoza.



*Katibu wa Tawi*