Mshipi Hukaguliwa Kabla ya Samaki

Masomo yetu ya leo ni Marko 1:16-20 na Wagalatia 6:1.

Sisi wa Kisii na Nyamira ni watu wa vilima, wakulima wa chai, ndizi na mahindi. Samaki hutujia kwa barabara kutoka Homa Bay, tukawanunua katika soko la Daraja Mbili. Tunamwona mbuta mezani, lakini mshipi uliomvuta hatuuoni. Mbuta aweza kukua kupita kilo 100, naye hushikwa na uzi wa nailoni na fundo moja dogo.

Mvuvi mwenye busara hautegemei mshipi kwa sababu jana haukukatika. Arudipo ufuoni huupitisha kati ya vidole, polepole, akitafuta palipokwaruzika. Hukagua zaidi penye fundo la ndoana, na pale uzi unaposuguana na ukingo wa mashua au mawe. Akiona mkwaruzo, hafungi fundo juu yake. Huikata sehemu mbovu mpaka afikie uzi mzima, ndipo aunge. Tena hulilowesha fundo kabla ya kulikaza, maana nailoni ikikazwa kavu huchomwa na msuguano wake yenyewe, ikadhoofika. Kisha huuweka mshipi kivulini, kwa kuwa jua kali huula.

Yesu alipowaita Yakobo na Yohana, aliwakuta katika kazi ya namna hiyo: wamo chomboni wakitengeneza nyavu. Neno la Kiyunani ambalo Marko alilitumia hapo ndilo Paulo alilitumia alipowaagiza Wagalatia wamrejeze ndugu aliyeanguka. Kumbe kumrudisha ndugu ni kazi ya mvuvi, kazi ya vidole vyenye subira!

Je, mishipi ya nyumba zetu i hali gani? Mashamba yetu ni madogo, na ndugu wanasuguana mpakani kila siku. Leo ni mche wa ndizi uliopandwa hatua moja mbele. Kesho ni ng'ombe aliyekula mahindi. Hakuna aliyepiga kelele, lakini salamu zimekoma. Wanaketi kanisa moja, benchi mbalimbali. Halafu unakuja msiba, uzito wa kupita kilo zote, nasi tunataka ndugu hao wabebe jeneza pamoja. Hapo mshipi hukatika mbele ya watu wote, na kaburi likiwa wazi tunaanza kutafuta wazee wa kupatanisha.

Tusingoje siku hiyo. Twende jioni moja ya kawaida, kabla ya neno kubwa kutokea. Tusifunge fundo juu ya mkwaruzo kwa kusema tu, "Yamekwisha." Tulitaje kosa lenyewe, tulikate, tuunge penye ukweli. Wala tusikaze kwa ukavu: Paulo aliagiza upole, na kila mtu ajiangalie nafsi yake. Neno laini, hata chozi, ni maji ya fundo hilo.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyewaita wavuvi, pitisha mkono wako juu ya maisha yetu. Utuonyeshe palipochakaa, utupe moyo wa kutengeneza kungali mchana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.