Kahawa Niliyoipa Alama Ugenini

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu.)



Katibu aliponiandikia aliniambia nichague jambo lolote, mradi nisizidishe robo saa. Nimechagua kahawa. Nawaona wenzangu wa bweni langu wameanza kucheka, maana wanakumbuka kwamba katika shule hii kahawa ilikuwa adhabu. Aliyechelewa paredi, aliyepiga soga baada ya kengele ya kulala, wote tulikutana Jumamosi katika shamba la mibuni nyuma ya maktaba, jembe mkononi. Hatukuuliza hata siku moja kahawa ile ina ladha gani. Sisi tulikunywa uji.

Mwaka 2016 nilipata nafasi ya kwenda London kusoma shahada ya pili kwa mwaka mmoja. Mji ule na kahawa wamejuana siku nyingi. Mkahawa wake wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1652 na mtu aliyeitwa Pasqua Rosée, katika kichochoro cha St Michael's Alley. Soko maarufu la bima la Lloyd's lilianza katika mkahawa wa Edward Lloyd, karne ileile ya 17. Na Shirika la Kimataifa la Kahawa, lililoundwa mwaka 1963, lina makao yake hukohuko, mji usioota hata mbuni mmoja.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nimeandika ofisini taarifa nyingi kuhusu zao hilo. Basi nikaona ni wajibu wangu kuzuru mikahawa. Nilinunua daftari, na kila Jumamosi nikatoka kama mkaguzi wa shule. Nilifika Bar Italia, mtaa wa Frith, iliyofunguliwa mwaka 1949. Nikafika Monmouth, iliyoanza mwaka 1978. Nikafika Flat White ya mtaa wa Berwick, ya mwaka 2005. Na Prufrock ya Leather Lane, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Gwilym Davies, alikuwa bingwa wa dunia wa waandaaji kahawa mwaka 2009. Kwa jumla nilizuru mikahawa 23.

Lakini ili uhukumu, sharti ujue sheria. Wataalamu huonja hivi: gramu 8 na robo za kahawa iliyosagwa huwekwa katika kikombe, humwagiwa mililita 150 za maji yanayokaribia kuchemka, na baada ya dakika 4 utando wa juu huvunjwa kwa kijiko huku pua ikiwa karibu. Kisha huivuta kwa mdomo kwa kishindo, kama mtu anayekunywa mchuzi wa moto bila adabu. Hutoa alama kati ya 100, na kahawa ipatayo 80 au zaidi ndiyo huitwa kahawa maalumu. Tena hawakimbilii kuhukumu ikiwa moto. Huionja tena ikipoa, maana joto huficha makosa.

Nami nikatunga mtihani wangu wenye maswali matano, kila moja alama 20. La kwanza, je, ladha ni safi? La pili, pakiti inaonyesha tarehe ya kukaangwa? La tatu, mwandaaji anaijua kazi yake, anapima kahawa na maji kwa mizani au anakisia? La nne, inasemwa kahawa imetoka wapi? La tano, mgeni anapokewaje?

Swali la kwanza lilinitesa. Pakiti zao ziliandika ladha za matunda ambayo sijapata kuyatia kinywani. Nikaacha kuyakariri, nikaandika yangu: hii ni zambarau, hii ni ukwaju, hii ni mua uliokatwa jana. Tangu hapo ulimi wangu ukafunguka. Nawaambia wadogo zangu, hata katika masomo yenu, jambo lisilo na jina katika akili yako hutalishika.

Swali la nne ndilo lililowaangusha wengi. Baadhi waliandika neno "Afrika" tu, basi. Wengine waliandika nchi, kituo cha kuchakata, mwinuko wa shamba, hata aina ya mbuni. Hao niliwapa 20 zote.

Ndugu zangu, siku moja niliingia mkahawa mdogo, nikaona pakiti yenye jina la mlima wetu. Nikajivuna, nikamwambia kijana aliyekuwa akiandaa kwamba kwetu ndiko huko. Akafurahi sana. Akaniuliza, "Na huko nyumbani mnaiandaaje? Ladha yake ikoje ikiwa mpya?"

Nikamjibu kwamba ni tamu sana. Nilisema uongo. Kahawa ya baba yangu ilinisomesha tangu darasa la kwanza mpaka nilipofika hapa shuleni, lakini sikuwahi kuinywa. Nyumbani ilichumwa, ikamenywa, ikaanikwa, ikaondoka. Jioni ile niliupa mkahawa ule alama 90, na chini yake nikaandika jina langu: sifuri.

Usiku huo nilipiga hesabu. Kikombe chao hutumia gramu 18 hivi, kwa hiyo kilo moja iliyokaangwa hutoa vikombe 55. Kikombe kilikuwa pauni 3; jumla pauni 165. Sisemi ni faida yote, maana kuna kodi ya nyumba, mishahara, maziwa na umeme, na nisingependa kuwaonea. Lakini mwaka huo baba aliniambia kwa simu bei aliyolipwa kwa kilo, na haikufika bei ya kikombe kimoja. Nikatambua kuwa mtihani wangu ulikosa swali la sita: mkulima alilipwa nini? Katika mikahawa yote 23 sikuona hata pakiti moja iliyojibu swali hilo.

Nilirudi nyumbani mwaka 2017 na pakiti ile. Baada ya salamu nikatoka uani, nikakuta sehemu kubwa ya mibuni imekatwa, mahindi yamepandwa. Baba hakunificha. Alisema tangu mgao wa kimataifa ulipovunjika mwaka 1989 amekuwa akingoja bei itulie, na sasa amechoka kungoja. Mwaka 1989 mimi nilikuwa darasa la pili.

Nikamwandalia kahawa. Mzee akanywa, akakunja uso. "Chachu," akasema. Akanywa tena ilipopoa, akanyamaza kidogo. "Lakini ni nzuri. Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo, mbona hukuniletea habari hii mapema?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo twachuma mbivu tupu, twatenganisha kila mchumo, na kabla ya kuuza twaonja. Mibuni iliyobaki ni michache na bei bado hupanda na kushuka, wala sitawadanganya kwamba tumetajirika. Ila sasa mnunuzi akisema kahawa yetu haina ubora, baba humwuliza ni ladha gani aliyoikosa.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja. Shamba la nyuma ya maktaba bado lipo, nimelitazama asubuhi. Naomba sisi wa zamani tuchange tununue kikaangio kidogo, mashine ya kusagia, mizani na vikombe vya kuonjea, ili vijana hawa wajifunze kuihukumu kahawa wanayoilima. Mimi nimeshampa mweka hazina mchango wangu. Na Mwalimu Mkuu, kwa heshima yako, adhabu itafutwe nyingine.